Akiba au makorokoro? Jibu kwa mama wa Uyole

Msomaji ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, nafundisha shule ya msingi, tunaishi Uyole, Mbeya, mimi, mume wangu na watoto wawili, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na sebule. Nimekuwa naangalia video za watu wanaoishi na vitu vichache, ukuta mweupe, kabati lina nguo 33, nikaona moyo unatulia. Nikaanza kutoa vyombo. Mume anasema hayo ni mambo ya kizungu. Mama mkwe alipokuja kutoka Makete akakuta maboksi mawili yamefungwa mlangoni, akamvuta mume wangu pembeni na kumuuliza kama nina mpango wa kuondoka. Niliona aibu, nikarudisha kila kitu ndani. Nianzie wapi? Na shokesi ya sebuleni niiuze?"

Marahaba, mwanangu. Hilo la maboksi limenichekesha mpaka nikaweka kikombe chini, halafu nikamhurumia mama mkwe wako. Hakuwa na uchokozi. Mke anayefunga vyombo kwenye maboksi bila kutangaza safari, kwa macho ya mama wa Makete anajulikana anakwenda wapi: kwao. Ungempokea mlangoni na kumwambia, "Mama, karibu, napunguza vitu, njoo unisaidie kuchagua," leo usingekuwa unaniandikia. Kosa la kwanza ni ukimya. La pili ni kuanza na vyombo, na nitakueleza kwa nini.

Nilifundisha Sayansi Kimu kwa miaka 31, Iringa kwanza kisha Mbeya, na tangu nistaafu watu huniita majikoni na kwenye stoo zao, wengine wakiwa wamechoka kabisa. Ninayokuambia nimeyaona, na baadhi nimeyatenda mwenyewe kwa makosa.

Video hizo sina ugomvi nazo, ila angalia kilicho nyuma ya ukuta mweupe. Mwenye nyumba ile ana bomba lisilokatika, kwa hiyo madumu sita ya nini? Duka liko chini ya ngazi, kwa hiyo stoo yake ni ya mwenye duka. Ana mashine ya kufua na ya kukausha, nguo ya leo anaivaa kesho. Wewe ukianika jinzi Uyole wakati wa mvua Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni kiunoni bado kuna unyevu. Uchache wa yule unashikiliwa na mitambo mingi ambayo kamera haiionyeshi. Ukiiga uchache peke yake, kila maji yakikatika utabisha hodi kwa jirani kuazima ndoo, na jirani atakuchoka kabla ya Krismasi.

Na hiyo 33 yenyewe wengi wanaibeba nusu. Ni zoezi la miezi mitatu lililoanzia Marekani mwaka 2010. Viatu, makoti na mapambo vinahesabiwa humo. Nguo za ndani, za kulalia na za kushindia nyumbani hazihesabiwi. Zilizobaki hazitupwi, zinafungwa na kuwekwa kando mpaka msimu uishe. Kumbe hata wao hawaishi na nguo 33, wanazizungusha. Usijilaumu kwa namba ambayo mwenyewe aliyeianzisha hakuikusudia hivyo.

Mimi nina neno moja tu ninalowapa watu: tarehe. Akiba ina tarehe, makorokoro hayana.

Chukua mahindi. Mvua zetu za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na tunavuna mara moja kwa mwaka. Gunia ulilonalo Julai lina kazi ya kukuvusha mpaka mavuno mengine. Magunia manne ya mahindi na madebe mawili ya maharage kwenye nyumba yenu si mrundikano hata kama yamekula nusu ya stoo. Blanketi la tatu la kila kitanda nalo lina tarehe, Juni na Julai. Hili nililijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini, Iringa, nikajiona nimestaarabika, nikagawa Januari mablanketi yaliyokuwa yamekaa tu juu ya kabati. Juni wakaja wageni wa msiba kutoka Njombe, watu saba. Mwenye nyumba nililala na sweta mbili na koti la mvua.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa pesa labda. Mahindi yasiyokauka vizuri yanavunda, na yaliyokauka dumuzi anayamaliza. Huyo wengine mnamwita skania, na jina linamfaa, anapita kwenye gunia kama lori kwenye mteremko wa Kitonga. Kama unaweka akiba, itunze: kausha mpaka unyevu ushuke kufika asilimia 13 hivi, kisha tumia ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya ndani ya nailoni na mmoja wa nje wa kiroba. Ukiifunga vizuri, kila tabaka peke yake, wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Nimeona nyumba yenye makabati meupe safi na gunia limegeuka unga peke yake jikoni. Huo nao ni uchafu, tena wa gharama.

Sasa shika sahani moja ya maua ya shokesini uniambie tarehe yake. Utasema, "ya wageni." Wageni gani? Wachungaji walikuja mwaka juzi ukawapakulia kwenye sahani zile zile za kila siku kwa sababu ufunguo wa shokesi haukuonekana. Nimekosea?

Lakini kabla hujamcheka mwenye kuweka, mwelewe. Mama mkwe wako kwa hesabu zangu alikuwa msichana au mke kijana mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yamepanda, maduka yana rafu tupu. Sabuni ya mche ilikuwa ya foleni. Sukari ya mgao. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulifanya hata aliyekuwa na katoni ya halali aogope kuonekana nayo. Mama yangu mzazi alikata mche wa sabuni vipande, akavifunga kwenye kitambaa na kuviweka chini kabisa ya sanduku la bati, na mpaka anafariki sanduku lile lilinuka sabuni. Nilipolifungua nilikuta vipande vitatu, vimekauka kama mawe. Kwa hiyo mama mkwe wako anapokusanya makopo ya maziwa ya unga na mifuniko isiyo na chupa, hafanyi uzembe. Anajilinda na mwaka ambao wewe hukuuona. Sanduku lake usiliguse, na makopo yake akija nayo mpe pembe moja ya stoo, iwe yake, umalize.

Wewe ugonjwa wako ni mwingine. Haukutokana na uhaba. Umeingia kwa mlango wa mbele, na nitakutajia njia zake ninazozijua.

Sare ndiyo ya kwanza, na ndiyo kubwa. Send-off ya binti wa bosi, harusi ya shemeji, ubatizo, mahafali, mpaka arobaini ya mtu siku hizi ina sare. Nenda kabatini leo uhesabu. Mama mmoja wa Mafinga niliyemsaidia alikuwa na vitenge 19 vya sare vilivyoshonwa; vya kuweza kuvaliwa kazini au kanisani vilikuwa vinne. Vingine ni vile vya mabega ya puto na rangi ya chungwa ambavyo mtu hawezi kuvivaa mbele ya darasa la sita na akasikilizwa. Tuseme kitenge Sh 35,000 na fundi Sh 20,000. Sherehe sita kwa mwaka ni Sh 330,000, na mchango wenyewe sijautia. Wapo wanaoikopa kwa kausha damu, mikopo ile ya riba kali, ili wapige picha ya saa mbili. Nimemwona mwalimu mwenzako akikwepa njia ya sokoni kwa sababu ya deni la kitenge kilichokuwa kinaning'inia kabatini kwake hakijavaliwa mara ya pili.

Sikuambii ususe sherehe. Sisi watu wa huku, asiyechanga hachangiwi, na msiba ukija utakaa na turubai tupu. Toa mchango wako mapema na kwa jina lako, halafu sema waziwazi kwamba utavaa kitenge ulichonacho cha rangi inayokaribia. Mara ya kwanza watanuna. Mara ya tatu utawaona wawili wengine wamefanya hivyo hivyo na wanakushukuru kwa macho. Baki na sare za ndugu wa damu, na hizo mwambie fundi tangu mwanzo ashone gauni la kawaida, mikono ya kawaida. Zile 15 za yule mama zisizovalika tulizifumua: mbili zikawa foronya, tatu sketi za binti yake, moja mbeleko ya mjukuu wa jirani, kadhaa zikaenda kwa wifi yake aliyezipenda kwa dhati, na zilizobaki zikashonwa pamoja kuwa kitanda cha paka, nadhani. Paka alifurahi.

Mtumba ni njia ya pili, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo wewe na yule wa kwenye video mnapokutana bila kujuana. Yeye anatoa nguo mia ili abaki na 33. Anafunga mfuko, anaupeleka kwenye sanduku la msaada, moyo unatulia, kamera inazimwa. Sehemu ya nguo hizo inauzwa kwa wafanyabiashara, inachambuliwa, inakandamizwa kuwa belo, inapanda meli, na siku moja belo linafunguliwa pale soko la Sido asubuhi na mapema huku mnasukumana. Unarudi Uyole na blauzi tatu za elfu mbili mbili, na sweta ambayo si saizi yako lakini "kitambaa chake kizuri." Wepesi wa nyumba yake umekuwa uzito wa nyumba yako. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikakunja uso na kutaja AGOA, mpango wake wa nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika, nchi nyingine tukalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu ya kuingia soko la Marekani bila ushuru. Mitumba ikabaki, na mimi mwenyewe koti langu la baridi, la miaka tisa sasa, ni la mtumba. Sisemi usinunue. Nasema nenda Sido au Mwanjelwa na kitu kimoja kichwani, "natafuta sweta nyeusi ya kazini," na nauli ya kurudi iwe mfuko mwingine. Anayekwenda kuangalia tu lazima arudi na kitu.

Ya tatu ni mchezo wa vyombo. Unajua mambo yake: kila mwezi mnampelekea mmoja hotipoti, seti ya vikombe, sufuria. Mzunguko ukiisha kila mtu ana hotipoti sita na wote mnaishi kwenye nyumba ya vyumba viwili. Ikiwa kundi lako ni la kusikilizana, omba zamu yako iwe ya mahindi wakati wa mavuno, au mtungi wa gesi, au ada. Nimeshuhudia kundi zima likibadilika kwa sababu mtu mmoja aliomba mbegu za viazi.

Zawadi, vifungashio na vya bure sina la kusema sana. Ila nenda nyuma ya mlango wa jiko. Kuna mfuko unaning'inia, na ndani yake kuna mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kila nyumba imejaza ile mbadala, kwa sababu kila tukienda sokoni tunasahau na kununua mwingine. Bakiza mitano. Kisha nunua kikapu kimoja cha milulu kutoka Iringa, kile cha kusukwa kwa mkono, ukitundike pale pale mlangoni. Changu kinabeba viazi na kinafika kanisani.

Sasa kuhusu vyombo ulivyokimbilia kwanza. Nasema ni kosa kwa sababu vyombo vya nyumba ya huku si vya mke peke yake. Vinalisha msiba. Mtu akifariki, ndani ya saa mbili masufuria ya mtaa mzima yako kwenye moto mmoja, na sahani zinahesabiwa kwa rangi ya mstari uliopakwa nyuma. Ukitoa vyako, umejiondoa kwenye hesabu hiyo, na ndilo lililomtisha mama mkwe hata kama hakulisema. Dawa ipo, na wala haikutoka ng'ambo. Ongea na jumuiya yako au kikundi chenu cha mtaa mnunue kwa pamoja: masufuria makubwa matatu, sahani mia, turubai, viti, daftari la kuazimia na mtu mmoja mkali wa kulitunza. Hata kukodisha mnaweza, mfuko ukakua. Baada ya hapo kila nyumba inaweza kubaki na sahani za watu wake na wageni wanne, na hakuna atakayemwita mwenzake mchoyo. Vikundi vya namna hii viko kila upande, uliza hapo hapo Uyole kabla hamjaanzisha kipya. Vyombo vyako vya ziada vipeleke huko, mama mkwe akiona. Ataelewa siku hiyo hiyo.

Mume wako usimhubirie utulivu wa moyo, atasinzia. Mali bila daftari hupotea bila habari, chukua daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila kitu kilichoingia mlangoni kisicho chakula, na bei yake. Mwisho wa mwezi mpe asome, usiongeze neno. Na visikose vya kwake humo. Ile tivi ya chogo iliyofunikwa kitambaa pembeni, ninaijua bila kuiona, kila nyumba ina moja "ya kupeleka kwa fundi," sijui na pasi mbili na redio isiyo na antena. Hivyo ni vyake na mwenye kuvitoa ni yeye. Mke anayeanza na makorokoro ya mume anapata vita, anayeanza na ya kwake anapata msaidizi, mara nyingi baada ya miezi miwili.

Kwa hiyo anza na nguo zako. Toa zote, zilaze kitandani, usiku huo utalazimika kumaliza. Ulizovaa tangu Pasaka iliyopita zirudi. Za baridi zirudi hata kama hukuzivaa. Zilizobaki kila moja iseme tarehe yake: mahafali ya Novemba, sawa, "nikipungua," si tarehe. Ukirudisha, acha nafasi ya mkono kupita kati ya nguo na nguo, na sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani. Mbeya iko juu, zaidi ya mita 1,600, usiku ukuta unapoa, hewa yenye unyevu inagusa baridi ile na kutoa maji, na nguo zilizobanana zinaota ukungu. Ile harufu ya kabati unayodhani ni ya nguo kuukuu ni ya msongamano. Huko Tukuyu kwenye mvua nyingi nimeona suti ya harusi imeota ukungu wa kijani ikiwa ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Za kutoa zitoke siku hiyo hiyo. Nzuri mpe mtu unayemjua anazihitaji, kwa mkono wako. Kijijini usipeleke mfuko usiouchambua, maana suruali iliyopasuka huko nako ni suruali iliyopasuka, na shangazi atashindwa kuitupa kwa kuwa imetoka mjini. Chuma na bati vina mnunuzi wake, yule wa vyuma chakavu anapita na mizani, mwangalie mizani. Na yule kijana anayepita akibadilisha nguo kwa ndoo na mabeseni, mwanangu, mwitikie salamu na ufunge geti. Nilimpa nguo kumi nikapata mabeseni matatu, na mpaka leo sijui yanakaa wapi.

Karatasi usichome kwa pupa. Vyeti, kadi za kliniki, mkataba wa nyumba, stakabadhi za kiwanja, vyote kwenye faili moja. Nguo za marehemu kama zipo, hizo zina utaratibu wa ukoo na si wako wa kuamua peke yako.

Shokesi. Umesema tu "shokesi" bila kusema ya mti gani, na hilo ndilo swali. Kama ni ya paina, uza kwa utakachopata. Kama ni ya mninga, usiiuze kabisa, maana ukija kuutafuta mninga mwingine bei itakutoa jasho. Mwite seremala atoe vioo na rafu za juu, sehemu ya chini aifanye meza ya kusomea, maana umenitajia watoto wawili na nyumba nzima hukutaja wanaandikia wapi. Vioo asikupe. Utaviweka uvunguni.